Mla Ukoko Husugua Sufuria

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi... sogeeni, wanangu, na leo msinikatize. Nimechoka, nimechoka kama Bi Pimbi mwenyewe.

Bi Pimbi alikuwa mpishi wa karamu. Kadogo, hana pembe wala mkia. Msimu mzima yeye na wadogo wenzake walilima mpunga, wakavuna, wakatwanga, twa! twa! twa! Kila siku ya karamu wakubwa waliketi jamvini, wadogo wakabaki na moshi jikoni. Wakubwa walikula wali wote. Wadogo walipewa ukoko, tena kwa sharti: mla ukoko ndiye anayesugua sufuria.

Na majina je? Weee! "Wewe kabwela, kuni!" "Mlalahoi, maji!" "Akina pangu pakavu, punguzeni kelele huko!" Hata siku moja hakuna aliyemwita Bi Pimbi.

Mwaka mmoja, karamu ilipofika, watoto wake watatu walikuwa wamelala na njaa siku mbili. Kitinda mimba akachungulia sufuria, akauliza, "Mama, na leo ukoko?"

Pimbi hakukasirika hata. Alichoka tu, uchovu wa mpaka mifupani.

"Leo hapana," alisema. Akamnong'oneza Panya, msaidizi wake, "Nikitoka kwenda kunawisha, pakueni. Mle mshibe."

Akabeba birika na beseni mpaka jamvini, walipoketi Tembo, Kiboko na Nyati.

"Shikamooni, wakubwa. Desturi yenu ni kuanza na mkubwa kuliko wote. Nimnawishe nani?"

"Mimi!" Tembo akanyoosha mkonga.

"Ebo! Ukubwa ni mwili tu?" Kiboko akafoka. "Mto mzima ni wangu!"

"Ala! Na mwaka jana nani aliyewafukuza fisi?" Nyati akagonga kwato, ko! ko! "Si miye?"

"Mimi sijui, mabwana," Pimbi alisema, birika likimlemea. "Kabwela atayajulia wapi mambo ya wakubwa? Amueni wenyewe, nasubiri."

Waamue wapi! Walitajiana mababu, wakasukumana, jamvi likachanika, charr! Jikoni nako kimya, mikono inakwenda kinywani tu.

Jua lilipopinduka, Panya akachungulia mlangoni, akapangusa sharubu. Pimbi akamwona.

"Wakubwa, wali umekwisha," alisema. "Umebaki ukoko. Atakayenawa kwanza ndiye atakayekula kwanza, na kazi ya mla ukoko mnaijua. Haya, mkubwa nani?"

Tembo akakunja mkonga.

"Si Tembo?" Kiboko akasema haraka.

"Mimi? Huu mwili tu, ndugu yangu! Mkubwa Nyati."

"Miye kabwela tu!" Nyati akarudi nyuma.

"Hata mimi mlalahoi!" Kiboko akadakia.

"Na mimi pangu pakavu, wallahi!" Tembo akaapa.

Pimbi akaweka birika chini, akaketi, miguu inamwuma. Kule jikoni watoto wake walikuwa wamelala, wameshiba ndi.

"Basi karibuni jikoni, wenzangu," alisema. "Majivu ya kusugulia yako pale. Maji, kabwela huchota mwenyewe."

Nami birika langu naliweka hapo, wanangu: jina unalomtupia mnyonge usilisahau, huenda kesho ukaliomba mwenyewe.