Bunduki ya Kwanza ya Kasanda

Macho huchagua, bega hulipa. Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi, alipomwona Sitta anachechemea kando ya ile pikipiki kubwa aliyoiazima kwa sifa, nanyi mkaangua kicheko bila kujua mnachekea nini. Sasa mnaniuliza, bega limeingiaje kwenye habari za pikipiki? Haya, endeleeni kupukuchua mahindi. Masikio hayana kazi nyingine. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huko Isengabuki, watu walipokuwa wakila nyama ya porini zaidi kuliko ya mbuzi, alikuwako mwindaji jina lake Mihayo. Alikuwa mtu wa miraba minne, mcheshi, mkarimu, hali nyama peke yake. Lakini kwa kupenda sifa, loo, huyo hakuwa na mpinzani. Gobore lake lilikuwa refu kuliko yote kijijini. Mnalijua gobore? Ni bunduki ya kushindilia. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia nyuzi za gome, unatia goroli ya chuma, kisha unaweka fataki pale nyundo inapogonga. Lile la Mihayo lilikula baruti kama lina njaa ya mwaka mzima, na likilia, kuku walikimbilia uvunguni. Watu wakisikia mlio walisema, "Huyo Mihayo!" Kwamba mara nyingi mnyama aliondoka mzima, hilo hawakulisema mbele yake. Mwenyewe alisingizia upepo, au unyevu wa baruti.

Wawindaji wa pale walikuwa na desturi yao. Mwindaji hakushindilia bunduki yake mwenyewe. Baruti ilikaa kwa dada yake, au kwa shangazi yake kama hana dada, na mwanamke huyo ndiye aliyeipima na kuishindilia alfajiri. Walisema mwenye kufyatua ana haraka, na mwenye haraka hapimi. Kwa hiyo mtu alitoka na risasi moja tu. Akikosa, anarudi nyumbani kula mlenda.

Mihayo alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Kasanda, kijana mwembamba, mpole, hodari wa kufuata nyayo hata juu ya mwamba. Umri wake wa kupewa bunduki ulipofika, baba alimpeleka kwa mhunzi Mpandachalo. Ukutani zilining'inia bunduki mbili. Moja ilikuwa fupi, nyeusi, haina urembo wowote. Nyingine ilikuwa ndefu, nzito, mtutu umevishwa pete za shaba zinazomeremeta.

Kasanda aliitungua ile fupi, akaiweka begani. Ikakaa. Shavu lake lilishuka kwenye kitako bila kutafuta mahali.

"Hiyo imemkubali," alisema mhunzi.

"Hiyo ya kufukuzia ndege shambani!" Mihayo alimnyang'anya kijana, akairudisha ukutani. "Mtoto wa Mihayo abebe kijiti? Watu watasemaje? Nipe ile yenye shaba."

"Mpe kwanza aishike, mzee mwenzangu."

"Mimi ndiye ninayechagua. Yeye atazoea."

Wakarudi nyumbani na ile ndefu. Njia nzima Mihayo aliwasimamisha watu waione. Kasanda aliitikia pongezi, na kila baada ya hatua chache alilihamisha gobore bega hili na lile.

Siku ya kwanza porini alimkaribia swala kwa ufundi hata baba yake akatabasamu kichakani. Akalenga, akafyatua. Mlio ulitikisa miti, Kasanda akaenda chini kwa matako mbele ya watu, na swala akaenda zake. Wenzao walicheka, naye akacheka pamoja nao. Siku ya pili akakosa. Ya tatu pia. Bega likavimba, mama yake akalikanda kwa maji ya moto na chumvi, na akilala alilala upande mmoja tu.

"Baba, inaniumiza," alisema.

"Bega ni bega tu, litazoea. Langu si lilizoea?"

Mnajua desturi ilisemaje kuhusu mwanagenzi? Mvua za kwanza zikinyesha hajaua mnyama, bunduki inarudi kwa mhunzi, naye atabeba nyama za wenzake maisha yake yote. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Mihayo aliyatazama kila asubuhi na roho ikamwuma. Na roho ikimwuma mtu wa sifa, mdomo ndio unaoumiza wengine. Jioni moja, kikao kimejaa, alisema kwa sauti, "Sijui huyu kamrithi nani. Kwetu hatuna waoga."

Kasanda aliinuka akatoka.

Kesho yake Nyamizi, dada yake Mihayo, mshika baruti wa nyumba ile, alimfuata kaka yake zizini. Mwanamke huyo alikuwa mfupi, maneno yake machache, lakini akikuita kwa jina lako ujue yamekukuta.

"Mihayo. Mwanao anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

"Kukata mkonge. Kesho anaondoka na manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Kaniambia mimi, hakutaka mama yake ajue. Anasema heri alale kambini na watu asiowajua kuliko kuitwa mwoga na baba yake."

Mihayo alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Aliwajua wengi waliokwenda mkongeni na hakuna aliyewaona tena. Huyu alikuwa mmoja tu, hana wa kumfuatia.

"Sasa mimi nifanyeje? Bunduki nzuri nimempa."

"Mwite. Waite na wenzako. Mje kwenye kichuguu cha nyuma ya shamba."

Wakaja. Nyamizi aliweka kibuyu kikuukuu juu ya kichuguu, karibu kiasi cha mtu kukipiga kwa jiwe. Akawageuzia mgongo, akashindilia bunduki ya shaba, akampa Kasanda. Kijana alimtazama shangazi yake kama anayeuliza, mbona unaniongezea aibu? Lakini hakuna aliyemkatalia Nyamizi. Akalenga, akavuta.

Ta! Fataki ililia peke yake. Hakuna moshi wala mngurumo. Lakini watu wote waliona: mtutu uliruka pembeni, uso wa kijana umegeukia nyuma na macho ameyafumba kwa nguvu.

Wawindaji wakaanza kucheka. Mihayo alitazama chini.

"Haikuwa na baruti," alisema Nyamizi. "Sasa niambieni, anaogopa nini hapa? Kibuyu? Mtoto huyu alimfikia swala hata akakaribia kumshika mkia. Hamwogopi mnyama. Anaogopa kile alichopewa begani."

"Mwanamume hafumbi macho," alisema Mihayo polepole.

"Sawa, kaka. Tuonyeshe."

Akalichukua lile gobore maarufu la Mihayo, akawageuzia tena mgongo, wakamwona mkono unapanda na kushuka akishindilia kwa bidii. Mihayo alilipokea kwa kujiamini. Alikuwa amefyatua bunduki ile tangu ujana, nani wa kumfundisha? Akatanua miguu. Akakiona kibuyu vizuri kabisa juu ya ncha ya mtutu. Akavuta.

Ta!

Mihayo akasubiri kishindo, kishindo hakikuja. Kisha akafumbua macho. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa ameyafumba. Na mtutu, badala ya kutazama kibuyu, ulikuwa unatazama majani miguuni pake.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakiwakumbuka wale wanyama walioondoka wazima, na Mihayo aliwakumbuka zaidi yao. Si upepo, si unyevu. Miaka yote ile alikuwa akifumba macho, na asingejua mpaka siku anakufa, kwa kuwa mngurumo ulikuwa ukimfichia.

Alimgeukia mwanawe. Kasanda hakuwa na furaha ya kumwona baba yake amefedheheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeumia yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomvunja Mihayo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mbele ya wote. "Mwoga si wewe. Twende kwa Mpandachalo."

Bunduki ile fupi ilikuwa bado ukutani. Safari hii Mihayo alibaki mlangoni, mikono nyuma, akamwacha kijana aitungue mwenyewe. Kila alfajiri Nyamizi aliishindilia kwa baruti kidogo, na Kasanda akarudi peke yake kwenye kichuguu. Mara ya kwanza alifumba macho. Ya pili akafumba. Bega liliposadiki kwamba halipigwi tena, macho yakakaa wazi, kibuyu kikapasuka vipande. Alimwangusha kulungu siku moja kabla ya mvua, na maini alipewa Nyamizi, kama ilivyo haki ya mshika baruti. Manamba walikuwa wameshaondoka zamani, wala hakuna aliyeuliza habari zao.

Kikaoni siku ile ya kulungu, mgeni mmoja kutoka kijiji cha jirani alikitazama kile kibunduki, akamchokoza Mihayo. "Ebo! Mwindaji mkubwa kama wewe, mwanao unampa hiki? Si ungemchagulia chenye kishindo?"

Watu wakajua leo patachimbika. Lakini Mihayo alimega nyama, akampa mgeni kipande kinono.

"Nilimchagulia," alisema. "Macho yalikuwa yangu, bega lilikuwa la mtoto. Kidogo nimpoteze. Ndugu yangu, ukiwa na wako wa kumchagulia, kumbuka hili: macho huchagua, bega hulipa."