Ufunguo Mmoja, Marubani Watatu

Kaeni vizuri, na aliye nyuma asogee mbele asikie. Leo sikuja na hadithi ya kuwabembeleza mlale. Nimekuja na kesi, na kesi yenyewe imenishinda. Nimeizungusha kichwani wiki nzima, mke wangu ameniambia niitoe nje ya nyumba, basi naitua kwenu.

Kwenye nyanda kavu za Ugogo palikuwa na chuo cha kanisa kilichofundisha urubani. Betania, ndivyo kilivyoitwa. Kilikuwa na uwanja wa changarawe, banda la mabati, ndege mbili ndogo, na kanisa dogo lenye kengele kubwa kuliko kanisa lenyewe. Mwaka ninaousema walifika mwisho wa mafunzo wanafunzi watatu.

Damasi Qamara alikuwa na mikono. Ndege ikiwa mikononi mwake, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya dashibodi na kisimwagike hata tone. Wenzake walimtania kwamba usukani ukimwona unajinyoosha wenyewe.

Yusta Chilongola alikuwa na macho. Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe, akakua akihesabu mifugo ya watu kutoka mlima wa pili. Akiwa angani aliisoma ardhi, akakuonyesha njia, korongo na kisima ambavyo kwenye ramani havimo.

Na Elinazi Mbwambo je? Elinazi alikuwa na ulimi usioweza kukaa na uongo. Huenda mkacheka, mkasema hicho nacho ni kipawa gani kwa rubani. Hata yeye alikiona ni mkosi. Siku yake ya kwanza chuoni, mchungaji mkuu alimuuliza kama mahubiri yalimbariki, akajibu, "Nusu ya kwanza, Baba Mchungaji. Nusu ya pili nilisinzia." Akapewa zamu ya kufagia kanisa mwezi mzima.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinagombewa. Hospitali ya kanisa ilikuwa na ndege moja, ile inayofuata wagonjwa vijijini kusikopitika kwa gari. Mwaka ule ilihitaji rubani mmoja tu. Atakayechaguliwa angevishwa shingoni kamba yenye ufunguo wa ndege, mbele ya kanisa zima. Wote watatu waliutaka, lakini Elinazi aliutaka mpaka ukamkosesha hamu ya kula. Miaka kumi na mbili nyuma, dada yake Navoneiwa alishikwa na uchungu wa uzazi mto ukiwa umefurika, na watu wa nyumbani walikuwa wameshaanza kulia. Ndipo ndege ileile ikashuka kwenye uwanja wa shule. Dada alipona na mtoto akapona. Tangu siku hiyo Elinazi hakuwahi kutaka kitu kingine duniani.

Ikafika asubuhi ya safari ya mwisho, ndiyo mtihani wenyewe. Walipaswa kupeleka chanjo kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya milima yenye msitu. Kapteni Sangiwa, mwalimu wao, alikuwa na desturi yake: katika safari hiyo hukaa kiti cha kulia, hukunja mikono kifuani, na hasemi neno. Wakagawana kazi. Elinazi akaikagua ndege kabla ya kuondoka, Yusta akashika ramani, Damasi akakaa kwenye usukani.

Elinazi alikuwa juu ya ngazi, amefungua tangi la bawa la kushoto, ametumbukiza kijiti cha kupimia mafuta, na mafuta yako pomoni. Mara kengele ya sala ikalia. Pale Betania kengele ikilia kila mtu huacha alichoshika, hata mpishi huacha ugali motoni. Elinazi akashuka mbio. Wakaimba, wakaomba, wakarudi. Akaendelea na ukaguzi kwenye magurudumu, moyo umejaa wimbo.

Wakapaa. Ilikuwa asubuhi ya kupendeza, hewa imetulia, na Damasi aliiinua ndege taratibu kiasi kwamba Yusta aliuliza kama tayari wameacha ardhi. Elinazi kiti cha nyuma alitabasamu kama bwana harusi. Walitumia kwanza tangi la kulia, kama ilivyopangwa, na milima ilipoanza kuonekana tangi hilo lilikuwa limebakiwa na mafuta kidogo.

"Tukishaingia juu ya msitu nahamia tangi la kushoto," Damasi akasema. "Kipimo kinaonyesha limejaa."

Limejaa? Elinazi akashtuka. Neno hilo lilimrudisha juu ya ngazi. Akakumbuka somo la Kapteni: matangi ya ndege ile ni mifuko ya mpira, na kifuniko kikiachia, upepo hunyonya mafuta nje na kuuvuta mfuko juu, mshale wa kipimo ukabaki unasema limejaa. Akajitahidi kukumbuka mkono wake ukizungusha kifuniko. Alikumbuka ngazi, alikumbuka kijiti, alikumbuka kengele. Kifuniko hakukikumbuka. Akachungulia dirishani, lakini bawa la ndege ile liko juu ya vichwa na mgongo wake hauonekani.

Jamani, jiwekeni mahali pake. Pengine alikifunga, na akisema atakuwa amejitoa mwenyewe kwenye ufunguo kwa kosa ambalo halipo. Pengine hakukifunga, na akisema amejitoa vilevile. Alimwona dada yake, aliuona ule uwanja wa shule, na alitamani kulia.

"Damasi, usilitegemee," akasema. "Kengele ililia nikiwa kwenye tangi hilo. Sidhani kama nilifunga kifuniko."

Kapteni Sangiwa akakunjua mikono. Akageuka nyuma. "Una uhakika?"

"Sina, Kapteni. Ndiyo maana nasema."

"Basi tujaribu hapa, chini kukiwa bado tambarare. Damasi, hamia."

Damasi akahamisha. Injini ikaenda vizuri kwa muda wa kusema Baba Yetu, kisha ikakohoa, ikakohoa tena, na ndege ikatetemeka mpaka makasha ya chanjo yakagongana. Akarudisha tangi la kulia haraka, injini ikashika. Mbele yao ulikuwa msitu, miti juu ya miti, hakuna hata pa kutua kunguru. Mafuta yaliyobaki yalikuwa ya dakika nane.

Kapteni alipeleka mikono kwenye usukani wa upande wake, akamtazama Damasi, akairudisha mapajani. "Geuza. Endelea wewe, mikono yangu iko karibu." Akachukua redio kuita chuo.

Sasa ikawa zamu ya Yusta. Chini yao palitandaa mbuga pana, nyeusi, laini, isiyo na kichaka wala kichuguu. Damasi alikwisha kuielekezea pua ya ndege, na hata Kapteni alitikisa kichwa kukubali.

"Hapana," Yusta akasema. "Ile siyo."

"Yusta, ni pana kuliko uwanja wetu."

"Tazama njia za ng'ombe. Zote zinaizunguka, hakuna hata moja inayopita katikati. Ng'ombe mwenye kiu hazunguki bure. Chini kuna tope." Akanyoosha kidole upande wa pili, kwenye ukanda mwembamba wenye rangi ya vumbi kati ya migunga. "Pale njia tatu zinakatisha moja kwa moja. Pale pagumu. Tupeleke pale."

Pale pembamba, mnisikie, palikuwa pembamba kweli. Ikawa zamu ya Damasi. Upepo ulikuwa unapiga ubavuni. Akashusha ndege, akalilaza bawa kidogo upande wa upepo, na walipofika usawa wa vilele vya migunga injini ikanyamaza kabisa. Ulisikika upepo tu, na Elinazi akisali macho yakiwa wazi. Gurudumu moja likagusa, halafu la pili. Damasi akaishikilia pua juu kadiri alivyoweza, kisha akailaza polepole. Migunga ikapita kulia na kushoto, karibu kiasi cha kuhesabu miiba, na ndege ikasimama. Kasha moja la chanjo lilikuwa limesogea, lakini mayai mawili ya kuchemsha aliyokuwa amebeba Kapteni yalikuwa mazima mfukoni mwake.

Walicheka. Walishuka, wakakumbatiana, Yusta akaruka ruka kama ndama. Elinazi akapanda juu ya bawa akakikuta kifuniko kinaning'inia kwenye mnyororo wake. Akakifunga, akabaki amekishika kwa mikono miwili.

Mama mmoja mchungaji wa ng'ombe akaja, fimbo mkononi, akashangaa. "Wanangu, nimewaona mkiielekea mbuga ile. Mwezi uliopita ilimeza trekta, mpaka leo linaonekana bomba tu la moshi. Nani kawageuza?"

Wakamwonyesha Yusta. "Na nani kaishusha?" Wakamwonyesha Damasi. "Na huyu juu ya bawa kafanya nini?"

"Mimi ndiye niliyewaangusha, mama," Elinazi akajibu.

"Ndiye aliyetuambia," Yusta akasema, wakati huohuo.

Chanjo ikafika siku ileile, kwa gari la zahanati. Jumapili kanisa likajaa mpaka nje. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, kamba yake nyeupe imekunjwa vizuri, na waamuzi watatu hawakuwa wamekubaliana.

Kapteni Sangiwa alisema ufunguo ni wa Damasi. Ukweli na macho, alisema, vingewafikisha juu ya uwanja mzuri na kuwaangusha hapohapo, kama si mikono.

Fundi mkuu wa ndege alisema ni wa Yusta. Ukweli na mikono, alisema, vingewashusha taratibu kabisa ndani ya tope, miguu juu.

Mchungaji mkuu, yuleyule wa mahubiri marefu, alisema ni wa Elinazi. Macho na mikono, alisema, vingeingia msituni vikiwa na furaha tele, kwa kuamini kipimo. Fundi akamkatiza: "Lakini Baba Mchungaji, bila Elinazi pasingekuwa na hatari yoyote." Mchungaji akajibu, "Na nani aliyeamuru kengele ile iheshimiwe kuliko kifuniko cha tangi? Ni mimi."

Wakawauliza wenyewe. Damasi akausogeza ufunguo kwa Yusta. Yusta akausogeza kwa Elinazi. Elinazi akauchukua mkononi, huo ufunguo alioutaka kwa miaka kumi na mbili, na ulimi wake ukafanya kama kawaida yake.

"Nautaka," akasema. "Nautaka kuliko chochote. Lakini kama dada yangu angekuwa ndiye mgonjwa leo, sijui ningeomba arushwe na nani kati yetu."

Akaurudisha katikati ya meza. Na muda huohuo redio ya hospitali, aliyokuwa nayo Kapteni, ikaita: kuna mama ng'ambo ya mto, uchungu umeanza, maji yamejaa, ndege ije. Ndege ya hospitali iko tayari uwanjani, mafuta yamejaa na vifuniko vimefungwa. Rubani ni mmoja, na wote watatu wamesimama wakiwatazama nyinyi.

Msinitazame mimi, nimeshasema nimeshindwa. Yule mama anasubiri. Je, wewe ungemvisha nani ufunguo?