Mkwe Aliyekuja Ghalani

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walilima na kuajiri walinzi kama tufanyavyo sisi, Nyati alikuwa mlinzi wa ghala la mbegu. Mtama wote wa kupanda wa kijiji kizima ulikuwa humo. Mvua ilikuwa imekwisha kunukia, na kesho yake kila nyumba ingekuja kuchukua fungu lake. Mbegu zile zikipotea, mwaka mzima ni njaa.

Tembo, mkuu wa kijiji, alimkabidhi Nyati ufunguo na amri moja: asimfungulie yeyote asiye na kibao chenye alama ya mkuu. Nyati hakuwa na mchezo na kazi yake. Chui alikuja na ubabe wake, akarudi kwao anachechemea.

Nguchiro aliyaona hayo, akajua kwa nguvu haambulii kitu. Akaenda zake kisimani kupiga soga na Kanga, mpishi wa pale ghalani, ambaye mdomo wake mnaujua. Akamsifia madoa yake, akamtekea maji, kisha akauliza kama asiye na haja: hivi Nyati hamwogopi mtu kabisa?

Kanga akacheka, akasema yuko mmoja tu, mama mkwe wake wa ng'ambo ya mto. Kwa akina Nyati, mume hamtazami mama mkwe usoni hata nyumba ikiungua.

Siku ile ile, adhuhuri, Nyati akasikia kishindo nyuma ya ua. Ndu! Ndu! Ndu! Kumbe ni Nguchiro anatwanga ardhi kwa mchi. Kisha ikaja sauti nzito, maana mjanja alikuwa ameingiza mdomo ndani ya mtungi.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi mkweo."

Upesi Nyati akageukia ukuta. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tembo kaniruhusu nichukue fungu letu la ng'ambo kabla mto haujajaa. Nipe ufunguo, maji yanapanda."

Nyati akaukumbatia ufunguo. "Nisamehe, mama. Sharti nione kwanza kibao cha mkuu."

"Ninacho mkononi. Geuka basi ukitazame, kama mama wa mkeo unamwona mwizi."

Nyati akakwama. Akigeuka, amevunja mwiko. Asipogeuka, kibao hajakiona. Moyo ukamwambia amwite Kanga aje akitazame kwa niaba yake. Lakini aliona aibu. Angemwambia nini mkewe, kwamba alimwitia mama yake shahidi?

"Maji yanapanda, mwanangu," sauti ikarudia, sasa kwa huzuni.

Nyati akapeleka mkono nyuma. Ufunguo ukachukuliwa. Vidole vilivyouchukua vilikuwa vidogo mno, naye akajilaumu kwa kuviwazia vidole vya mama mkwe.

Komeo likalia, kwa! Magunia yakaburutwa, kwaru, kwaru, na miguu iliyokimbiakimbia ilikuwa mingi kuliko ya mgeni mmoja. Nyati akazidi kukaza macho ukutani. Hata kulipotulia hakugeuka. Mkwe alikuwa hajaaga.

Kanga ndiye aliyemkuta, jua limeinama, bado kaukodolea macho ukuta. Mlango ulikuwa wazi, ghala halina hata punje, mchi na mtungi vimetupwa uani. Kanga alivitazama, akakumbuka maneno yake ya kisimani, akaangua kilio.

Tembo akaja na kijiji kizima nyuma yake. Akaukagua mlango, akaona hauna hata mkwaruzo. Akauliza ni jitu gani hilo lililomzidi Nyati nguvu.

Nyati alitamani ardhi immeze. Akina mama walikuwa pale na watoto mgongoni, wote wanamtazama.

"Hakuna aliyenizidi nguvu, mkuu," akasema. "Ufunguo niliutoa mwenyewe, kwa adabu."

Mwaka ule walikula mizizi, wanangu, Nyati pamoja nao. Mimi nimemaliza, nanyi shikeni neno hili: mgeni wa kweli hachukii kuulizwa.