Moto na Ukoo wa Salamu Ndefu

Paukwa! Pakawa! Nyie wa nyuma mnaosinzia, pakawa yenu sijaisikia. Haya.

Hapo kale palikuwa na vyungu vitatu na koo tatu, kila ukoo ndani ya chungu chake. Watu wa Petroli walisalimiana kwa kutikisa kichwa, kila mtu na njia yake. Watu wa Spiriti walipeana mkono mmoja, wakaachiana. Watu wa Maji, jamani, hao walishikana mikono yote miwili, na hakuna kuachia mpaka salamu iishe. Na salamu yenyewe haiishi: watoto je, mbuzi je, mbuzi wa jirani je?

Kitone, binti wa Maji, alichoka na salamu hizo. Kila siku alijaribu kuchomoa mikono yake kwa bibi yake, Bi Hadiya, na kila siku bibi alikuwa hajafika hata kwenye habari za kuku.

Siku moja akaja Moto. Moto alikuwa na mchezo mbaya, kutekenya watu nyayo. Anayetekenywa huruka, na anayeruka hutokea mdomoni mwa chungu akapotelea angani, asiwaone wenzake tena.

Akawaendea Petroli. Tekenyu, tekenyu! Kuni hata hazijakolea, wote wameruka, kila mtu na njia yake.

Akaongeza kuni, akawaendea Spiriti. Tekenyu, tekenyu! Mikono ikateleza, nao wakaruka.

Akaongeza kuni, akawaendea Maji. Tekenyu, tekenyu! Kitone akaangua kicheko, akaruka, mkono mmoja ukachomoka. Akauona mdomo wa chungu unamjia. Hapo aliogopa kweli, maana alimpenda bibi yake pamoja na maswali yake yote.

"Bibi, usiniachie."

"Nikuachie vipi, na habari za mbuzi hujanipa?"

Bibi akamvuta chini. Moto akaongeza kuni, akaongeza tena. Chungu kikatokota, wachache wa juu wakaponyoka, lakini waliobaki wakazidi kuulizana hali. Mwishowe Moto akawa anahema juu ya majivu.

Kitone akamwita kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mzee Moto."

"Marahaba."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na kuni je?"

"Zimekwisha," akasema Moto, akazimika.

Basi, walioshikana sana hawatawanywi upesi. Hadithi yangu naiacha hapo, atakayeiokota aipanguse majivu. Na wewe uliyebandika chai, acha kufunuafunua sufuria. Bado wanasalimiana.