Mtungi Uliotoa Jasho

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na mashamba, mabaraza na watumishi kama sisi, palikuwa na Punda aliyezungusha kinu cha ufuta cha Bwana Kiboko. Aliianza kazi hiyo akiwa kijana, mkia juu. Sasa magoti yake yalilia kak, kak kila alipopiga hatua.

Kazi ya kinu mnaijua? Mnyama hufungwa mti shingoni, akazunguka kutwa pale pale mpaka ufuta utoe mafuta. Na ili asishikwe na kizunguzungu, hufungwa kitambaa machoni. Punda hakuona ubaya wa kitambaa hicho. Aliamini ni huruma ya tajiri wake.

Sheria ya baraza la nyika ilikuwa moja, tena kali. Kila mavuno tajiri apunguze kata moja ya mafuta katika ujira wa mtumishi, aongeze kata nyingine ya kwake mwenyewe, atie zote katika mtungi wa mtumishi huyo. Mafuta hayachotwi humo mpaka mtumishi azeeke. Siku hiyo atayabadilisha mafuta kwa pumba na majani, ale amekaa hadi mwisho wa maisha yake.

Kiboko aliitii sheria kwa sauti kubwa. Kila mavuno aliita, "Mzee Punda, sikiliza, natia akiba yako!" Punda alisimama na kitambaa chake, akasikia bubububu, mtungi unakunywa. Moyo wake ulitulia, akaendelea kuzunguka.

Mkaguzi wa mitungi, aliyetumwa na baraza, alikuwa Korongo. Mdomo wake ungefika chini ya mtungi wowote. Lakini kila mwaka Kiboko alimtandikia mkeka na kumwekea sinia la samaki, na akishashiba, Korongo alichovya ncha tu. Ncha ikitoka inang'aa mafuta, alisema mambo ni sawa, akaenda zake. Mimi huyu Korongo simsamehe mpaka leo.

Basi hapo kinuni alikuwepo pia Kindi, kazi yake kufagia mashudu, yale makapi ya ufuta uliokwisha kukamuliwa. Siku moja jua lilikuwa kali, akaegemea mtungi wa Punda apumue kidogo. Akashtuka. Mtungi ulikuwa wa baridi, na ubavu wake umelowa.

Kindi akaenda kuipapasa mitungi ya Kiboko mwenyewe. Hiyo ilikuwa na uvuguvugu, imeshika vumbi na sisimizi kwa utelezi wa mafuta. Akaelewa. Kwao palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, na mtungi wa maji ndio unaotoa jasho.

Alipomweleza Punda, Punda alimkasirikia yeye.

"Nimemsikia kwa masikio haya akimimina, miaka yote!"

"Umesikia, babu. Umeona?"

 Punda akakumbuka kitambaa. Kisha akataka kwenda kuupiga mtungi teke uvunjike, na Kindi akamshika mkia. Akamwambia kwamba akiuvunja yeye, Kiboko atasema Punda ndiye aliyeyaiba mafuta akajaza maji. Yale mafuta kidogo yanayoelea juu, yaliyomdanganya Korongo, yangekuwa ushahidi wake, na neno la mtumishi halina uzito barazani.

"Mwache aumwage mwenyewe," Kindi alisema, "tena mbele ya watu."

Punda akaomba kustaafu. Kiboko, kwa kupenda sifa, aliliita baraza zima lije lione tajiri mwema anavyomuaga mtumishi. Punda akija kulalamika baadaye, jibu alikuwa nalo tayari: mtungi ukishavuka mlango, kilichomo ni shauri la Punda.

Wakaja wote. Korongo akapewa mkeka wa mbele. Kiboko akasimama akahutubia, akasema Punda kwake ni kama ndugu, na mtungi huu ni jasho lake halali. Punda alisikia neno jasho, akainamisha kichwa. Alitamani kulia.

Hotuba ikiendelea, Kindi alichukua kaa la moto jikoni, akalitia katika makuti makavu yaliyoegemezwa kwenye ghala la Kiboko. Pu! Moto ukashika.

"Bwana Kiboko, ghala lako linaungua!" Kindi akapiga kelele.

Kisima kilikuwa mbali. Kiboko hakufikiri mara mbili. Akaipita mitungi yake yote, gubu, gubu, gubu, akaunyakua mtungi wa Punda na kuumwaga motoni. Moto uliruka mara moja, pale mafuta machache ya juu yalipougusa. Kisha tssss. Ukazimika kabisa.



"Bwana Kiboko," Kindi akauliza taratibu, "katika mitungi yote hii ya mafuta, umejuaje kuwa wa Punda unazima moto?"

Kiboko akautua chini mtungi mtupu.

Baraza likamkemea, likaamuru aujaze mtungi, kata kwa kata, mpaka shingoni. Kiboko akainama akakubali, ila akaeleza kuwa mafuta ya mitungi ile yote yamekwisha kuuzwa, basi atajaza kidogo kidogo. Korongo akasema hata yeye ameshangaa. Punda aliuliza neno moja tu: yeye ale nini mpaka ujae?  Wanabaraza wakakunja mikeka yao, wakaondoka.

Kesho yake asubuhi Punda alirudi kinuni, kwani angekwenda wapi? Kiboko akamletea kitambaa kama kawaida.

"Shingo funga," Punda akamwambia. "Macho yangu niachie."

Akazunguka akiona. Kizunguzungu kilimwangusha, akainuka, kikamwangusha tena. Na kila mavuno alisimamisha kinu, akautumbukiza mdomo mtungini mpaka chini kabisa, akaonja. Yalikuwa mafuta.

Mtungi ulifika nusu. Punda hakuuona ukijaa.

Tangu siku aliyozikwa Punda, Kindi akala chakula chake kidogo, na kingine akakificha katika tundu la mti analolijua peke yake. Mpaka leo hana tajiri.

Wanangu, akiba usiyoiona ikiwekwa, usiseme unayo.