Risasi ya Kumi na Tano

Punguza moja, ziingie zote. Ndivyo shangazi yenu alivyosema sasa hivi, alipowakuta wawili mmekalia tranka la Minza huku wa tatu akihangaika na kufuli, nanyi mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Chimbuko lake haliko mbali. Ulizaliwa katika kituo cha askari wa wanyamapori cha Mbarangwe, nami naujua vizuri kwa sababu aibu iliyouzaa ilikuwa yangu.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye mikono minene, na nilijivunia mikono hiyo. Kikosini tulikuwa na mwanamke mmoja tu, Zenobia Haule, Mngoni kutoka Songea. Alikuwa mwembamba, mpole, hasemi mpaka aulizwe. Lakini hakuna kati yetu aliyemfikia kwa kusoma nyayo. Aliweza kuinama juu ya jani lililokanyagwa akatwambia wamepita watu wangapi, na ni yupi kati yao aliyebeba mzigo.

Mwaka ule tuliletewa bastola mpya. Zilikuwa nzuri, ila magazini zake, yaani vile vikasha vya chuma vinavyojazwa risasi na kuchomekwa ndani ya mpini, zilikuwa ngumu kupita kiasi. Kila moja ilichukua risasi kumi na tano. Kumi za kwanza ziliingia kwa amani. Zilizofuata uliziomba. Ya kumi na tano ilitaka kukung'oa kucha.

Mkuu wa kituo, Afande Kalembo, akatangaza jaribio. Ijumaa asubuhi kila askari angejaza magazini mbili, angechomeka moja na kupiga risasi tano, kisha angebadilisha na kupiga tano nyingine, yote ndani ya dakika mbili. Atakayeshindwa asingekwenda tena doria. Angepelekwa getini kuandika namba za magari ya wageni. Kwa mtu kama Zenobia, ambaye macho yake yalikuwa porini kila alipokaa, kupelekwa getini kulikuwa sawa na kufungiwa ndani. Na siku ya Jumatatu kidole gumba chake kilikuwa kimevimba kwa kusukuma risasi.

Mimi Msukuma na yeye Mngoni ni watani, kwa hiyo sikumhurumia. Nilimwambia vidole vyake vimezoea kushika panya wa kitoweo cha kwao, chuma havikiwezi. Akanijibu kwa ile sauti yake ndogo, "Panya hashikwi kwa nguvu, mtani."

Jioni alikwenda kwa Mzee Ditram, mtunza ghala la silaha. Mzee hakumpa pole, alimpa kazi. Alimwambia azijaze magazini zake siku hiyohiyo na kuziacha zimejaa hadi Alhamisi, maana springi mpya ya ndani, ile inayosukuma risasi juu, ni kama kiatu kipya, hulainika ikivaliwa. Akamwonyesha pia asiisukume risasi kwa gumba moja. Gumba la kushoto likandamize ile iliyokwisha kuingia, na mkono wa kulia utelezeshe nyingine juu yake. Alhamisi Zenobia alizitoa risasi, akazirudisha zote kumi na tano bila kukunja uso.

Lakini ilibaki kazi ya kuchomeka. Kwa sababu ya vumbi la Mbarangwe, amri yetu ilikuwa kuchomeka magazini huku chuma cha juu cha bastola kikiwa kimefungwa. Mzee Ditram akamweleza kwamba magazini ikijaa kabisa, risasi ya juu hugonga chuma hicho, springi haina pa kurudi, na kishikio kinachoizuia magazini isianguke hakishiki. Ukitoa risasi moja tu, springi inapata pa kupumulia. Zenobia akaogopa. Karatasi ya jaribio ilisema jaza, na kujaza ni kumi na tano. Akiweka kumi na nne si atahesabiwa ameshindwa? Mzee akasema hilo ni lake na Afande. Yeye anajua chuma tu.

Ijumaa ilifika. Niliitwa wa kwanza. Nilijaza haraka, nikachomeka kwa kishindo, nikawatazama wenzangu nikitabasamu. Nilipovuta chuma cha juu, magazini ikateleza na kuangukia buti langu. Nikaiokota, nikaipigilia, ikaanguka tena. Nikaendelea kuipigilia kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu, hadi dakika mbili zikaisha.

Akaja Zenobia. Alijaza taratibu. Alipochomeka tulisikia mlio mdogo, ta. Akapiga tano, akabadilisha, ta, akapiga tano nyingine. Muda ulikuwa bado. Afande akazitoa risasi zilizobaki, akazihesabu mezani, akakunja uso.

"Haule, jumla zinapaswa kubaki ishirini. Naona kumi na nane."

Zenobia akatoa risasi mbili mfukoni, akaziweka mezani. "Zilizopungua ni hizi, Afande."

"Zilikushinda kusukuma?"

"Hapana, Afande." Akachukua magazini moja, akaijaza mbele yetu mpaka ya kumi na tano, akampa kwa mikono miwili. "Tafadhali jaribu kuichomeka."

Afande akaisukuma. Akaisukuma tena kwa kiganja. Alipoiinua bastola, magazini ikamtelezea mkononi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Masalu," aliniita bila kugeuka, "kwako zimeingia ngapi?"

"Hata moja, Afande."

"Haule?"

"Nilipunguza moja, Afande, zikaingia zote."

 Afande akachukua kalamu, akafuta kumi na tano kwenye karatasi ya jaribio, akaandika kumi na nne, akamwambia Zenobia kesho atangulie doria. Mimi nikapelekwa getini, kwa sababu amri ni amri.

Nilikaa pale miezi mitatu. Kila doria ilipotoka, mtani wangu aliniuliza kutoka juu ya gari kama panya wa getini hawajambo. Lakini nilijifunza kuutumia msemo wake. Lori likija limerundikwa magunia mpaka mlango wa nyuma haufungi, nilimwambia dereva apunguze moja, ziingie zote. Madereva wakaubeba wakaenda nao mijini na sokoni, mpaka leo ukatufikia hapa kwa kinywa cha shangazi yenu, ambaye hajawahi kushika bastola.

Haya, Minza. Wateremshe wenzako kutoka juu ya tranka. Toa lile sweta la pili, ufunike tranka taratibu, halafu utege sikio kwenye kufuli. Umesikia? Ta. Punguza moja, ziingie zote.