Bwana Fumo na Makaa ya Juu

Alhamisi, tarehe 9 Septemba 1954, baada ya sala ya alasiri, mimi, Mbaraka Shehe Mwinyipembe, nikiwa na umri wa miaka tisa, niliketi mkekani nikaisikia ngano hii kwa bibi yangu, aliyekuwa akichambua mchele. Nawapa kama nilivyopewa. Sogeeni.

Paukwa?

Pakawa, na jiko likawaka.

Kifuniko?

Kifunikwe.

Na atakayekifunua?

Atakula mbichi.

Hapo zamani za kale, katika mji wa Kitopeni, alikuwako fundi mmoja, jina lake Bwana Fumo. Kazi yake ilikuwa kuchonga mbuzi za kukunia nazi. Alichonga za mninga, alichonga za mvule, alichonga za mfenesi. Nazi yenyewe hakuwahi kukuna hata moja. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kulalamikia chakula. Wali ulikuwa mkavu. Mchuzi ulikuwa mwepesi. Samaki alikuwa na miiba, kana kwamba mkewe ndiye aliyemtia.

Mnacheka nini huko nyuma? Nanyi mna wake.

Siku ya Jumatatu walikuja wageni. Mkewe, Bi. Mwanaidi, akawaandalia mkate wa kumimina. Bwana Fumo akautazama, akasema mbele ya watu, "Mkate gani huu, umelala kama mgonjwa?"

Bi. Mwanaidi hakugombana. Aliwangoja wageni waondoke, akajifunga kanga, akasimama mlangoni.

"Mume wangu, nakwenda kwa kaka yangu, ng'ambo ya kijito. Ijumaa, kabla ya sala, niletee mkate uliopika wewe, nao uwe umesimama. Ukija nao, tutarudi pamoja."

"Na nisipokuja nao?"

"Utabaki na mbuzi zako. Hizo hazipiki, lakini pia hazichoki kukusikiliza."

Akaenda zake.

Bwana Fumo akacheka. Usiku ule nyumba ikawa kimya, na kicheko kikakoma.

Jumanne akaloweka mchele, akautwanga. Akakalia mbuzi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza ili akune nazi, nayo ikayumba. Ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikambwaga. Miaka ishirini alikuwa akiziuza, na hakuna mwanamke aliyewahi kumlalamikia.

Akachanganya unga na tui, sukari, hiliki na hamira. Rojo likaumuka. Akalimimina katika sufuria iliyopakwa samli, akafunika. Mkate huu, kama mjuavyo, huiva kati ya mioto miwili: moto mdogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Bwana Fumo akayapanga makaa vizuri. Lakini hakuweza kutulia. Akayakung'uta, akafunua, akachungulia.

"Mkate, mkate, umefikia wapi?"

Akafunika. Hajaketi, akafunua tena.

"Mkate, mkate, umefikia wapi?"

Mara ya tatu mkate ulikuwa umefika: umelala chini ya sufuria, bapa kama kandambili.

Chakula chake cha jioni kikawa mihogo ya nazi. Haikuwa na chumvi. Akainua uso amtafute wa kumlaumu, akamwona paka. Akala.

Jumatano ikawa vile vile. Mkate, mkate, umefikia wapi? Ukafikia pale pale. Jioni akapika ndizi mbichi, zikaungua. Akainua uso. Hata paka alikuwa ameondoka. Akala.

Alhamisi alasiri, rojo likiwa tayari sufuriani, jirani yake, Bi. Kazija, mwanamke mtu mzima na shoga wa mkewe, akaingia uani.

"Shemeji, mkate wako haukosi mpishi, unakosa makaa. Makaa ya juu yatoke katika nyumba ambayo leo hakuna mwanamume aliyelalamikia chakula. Chukua kigae, uyatafute. Mimi nitaangalia uani."

Bwana Fumo akachukua kigae, akaenda kwa Bi. Nuru. Kunde zilikuwa jikoni, zimefunikwa, naye ameketi, mikono mapajani.

"Bi. Nuru, leo mumeo amelalamika?"

"Asubuhi alisema uji mzito. Adhuhuri akasema mwepesi. Ulikuwa uji ule ule. Makaa yangu hayakufai."

Akaenda kwa Bi. Siwema. Chungu kimefunikwa, mikono mapajani.

"Mume wangu halalamiki, Bwana Fumo. Yeye huvuta pumzi tu, ndefu, hivi, kisha huniuliza mama yangu, aliyenifunza kupika, hajambo. Nenda kwingine."

Akaenda kwa Bi. Tabu, mjane. Chungu kimefunikwa, mikono mapajani.

"Marehemu ana miaka saba kaburini," akasema Bi. Tabu. "Lakini jana nilimwota. Alisema mchuzi hauna ndimu."

Bwana Fumo akarudi na kigae kitupu.

"Shemeji, mji huu hauna moto huo."

"Na nyumba hii?" akauliza Bi. Kazija. "Siku tatu hizi nani amelalamika hapa?"

Bwana Fumo akafikiri. Akakumbuka mihogo. Akakumbuka ndizi.

"Hakuna."

"Basi nami nilitumia makaa ya hapa hapa. Kaa kitako."

Akayaondoa makaa, akafunua. Mkate ulikuwa umesimama, umejaa sufuria, rangi ya hudhurungi. Wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Ijumaa, kabla ya sala, Bwana Fumo akavuka kijito na mkate wake kwenye sinia. Njiani alijiambia: Nitasema nimefanya yote. Alipomwona mkewe, akashindwa.

"Mke wangu, nimetwanga, nimekuna, nimechanganya, nimemimina. Lakini makaa ya juu aliweka Bi. Kazija. Mimi alinifukuza."

"Alikutuma makaa?"

"Ya nyumba isiyolalamikiwa chakula."

Bi. Mwanaidi akacheka hadi akashika ukuta. "Mimi, mwaka nilioolewa, alinituma makaa ya nyumba ambayo mama mkwe hajasema neno. Nilizunguka mpaka magharibi. Nilirudi, mkate umeiva."

Akajifunga kanga, akamkatia mumewe kipande, wakarudi pamoja.

Ngano nimeipakua. Aliyeshiba anawe mikono. Aliyebakiza asimtazame mpishi.

Kifuniko?

Kifunikwe.

Imebaki kusahihisha jambo moja. Bwana Sefu Mngwali, msimulizi mwenzangu, husimulia kwamba Bwana Fumo, alipokionja kile kipande, alisema sukari haitoshi. Si kweli. Sukari haikutosha, na Bwana Fumo alifumbua kinywa. Lakini alichokifanya ni kutia kipande cha pili. Bibi yangu alilieleza hilo waziwazi mwaka 1954, na Bwana Sefu alizaliwa mwaka 1961.